Sehemu tulivu za bonde la mto na jinsi ya kuzitembelea kwa adabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wananiuliza kila wakisikia wikendi zangu nyingi zinaishia kando ya mto. Nimeyaweka sehemu moja, yanaanza na mepesi yanaenda mpaka yale magumu, na kama jibu lipo kwenye swali lingine nimekuelekeza huko ili nisirudierudie. Ila kuna kitu utakikuta karibu kila jibu, nacho ni kwamba sehemu ikiwa kimya haimaanishi haina wenyewe.

## Mambo ya mwanzo

Sehemu tulivu za bonde ndo zipi hasa? Si mto ni mto tu?

Mto haufanani mwanzo mpaka mwisho. Kwenye kona, maji yanakimbia upande wa nje na kuula ukingo mpaka unasimama kama ukuta, upande wa ndani yanapunguza mwendo na kuangusha mchanga na kokoto. Huo upande wa ndani ndo unakupa kifukwe kidogo ambacho mtu aliyeko barabarani hakioni kabisa. Kona ikizidi kujipinda kuna siku mafuriko yanakata njia ya mkato, na ile kona ya zamani inabaki pembeni kama ziwa la umbo la mwezi mchanga, maji yametulia tuli, ndege wamejaa, watu karibu hamna. Mimi hapo ndo napapenda kuliko popote.

Ongeza na makutano ya vijito, chemchemi zinazotokea chini ya mteremko, vivuko vya zamani vilivyoachwa baada ya daraja kujengwa, na magofu ya vinu vya maji.

Nitazipataje kama hamna mtu wa kunipa lokesheni?

Anza na ramani yenye mistari ya kontua, ile inayoonesha mwinuko wa ardhi. Mistari ikibanana pande zote mbili za mto hapo ni korongo, ikiachana ujue bonde limefunguka na kuna tambarare ambayo mto unaifurikia. Alafu fungua picha za setilaiti na ulinganishe za miaka na misimu tofauti, utaona kokoto zinatokeza miezi gani na njia za miguu zinaishia wapi. Lakini ramani haitakwambia shamba ni la nani wala ng'ombe wanashukia wapi kunywa maji, hayo anayajua anayeishi pale, kwahiyo soma na swali la ruhusa huko chini.

Na kitu kidogo ila muhimu, "ukingo wa kushoto" na "wa kulia" unahesabiwa ukiwa umeangalia kule maji yanakoelekea. Nilishawahi kukaa nusu siku nzima ng'ambo ya pale nilipoelekezwa kwasababu nilielewa kinyume, na mto siku hiyo ulikuwa hauvukiki.

Niende saa ngapi na msimu gani?

Asubuhi na mapema, kabla jua halijakaza. Wanyama wanakuwa bado majini na watu wengine hawajafika. Msimu wa maji kupungua ndo kokoto na vifukwe vinaonekana, ila ndo muda ambao ndege wengi wa mtoni wanataga humohumo, soma swali la mayai. Siku mvua kubwa imenyesha, au siku inayofuata, achana na mto.

## Ardhi, ruhusa na wenyeji

Hamna uzio, hamna kibao, si naingia tu?

Hapana. Mkulima ambaye jirani zake wote wanajua mpaka ulipo hana sababu ya kuweka kibao. Na sheria zinatofautiana sana kati ya nchi na nchi, usibebe ulichozoea kwenu ukadhani ndo dunia nzima. Scotland, sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita mashambani na kando ya maji ilimradi awajibike, na Sweden haki ya kutembea porini imeandikwa mpaka kwenye katiba. Ukivuka tu mpaka kutoka Scotland ukaingia England, haki ya jumla kama hiyo hamna, unafuata njia za umma na maeneo yaliyofunguliwa kisheria basi. New Zealand nako mto Whanganui tangu 2017 unatambuliwa na sheria kama mtu, una wawakilishi wawili wa kuusemea, mmoja kateuliwa na serikali na mwingine na Wamaori, wenyeji wa asili, wa mto huo. Yaani kuna sehemu hata maji yenyewe yana wasemaji wake.

Kwahiyo angalia sheria ya pale unapoenda, na kama hujapata jibu lililonyooka, uliza.

Namuomba nani ruhusa, na naanzaje?

Anza na mtu wa kwanza unayemkuta, hata kama sio mwenye shamba, atakuonesha mwenyewe. Usimpigie kelele kutoka mbali kama yuko kazini. Subiri afike mwisho wa mstari anaolima au apumzike, msogelee, msalimie, sema jina lako na unakotoka, mko wangapi, mnataka kukaa mpaka saa ngapi. Kama mmekuja na mbwa, hema au droni sema palepale mwanzoni, asije akagundua baadae. Na ukweli usiuminye, mkiwa nane usiseme "mimi na rafiki yangu", wenzio sita watapita mbele ya macho yake.

Alafu kuna swali moja ambalo mimi siondoki bila kuuliza: kuna sehemu ambayo haifai kwenda? Mzee mmoja nilimuuliza hivyo, hakujibu kwa maneno, akanyoosha kidole juu kwenye tawi. Palikuwa na fungu la nyasi kavu limesokotana na vijiti na kipande cha kamba, limenasa kwenye mti juu ya kichwa changu, ukinyoosha mkono hulifikii. "Maji yalifika pale, kijana," akasema. "Hapo unapoweka kitanda chako ni chini ya mto." Nilikuwa nimeshatandaza hema. Tangu siku hiyo nikifika sehemu ngeni kitu cha kwanza naangalia matawi.

Amekataa, na nimesafiri mbali. Nifanyeje?

Mshukuru uondoke. Usizunguke kumtafuta ndugu yake wa kukukubalia, na usitoe hela mfukoni kama njia ya kumbadilisha msimamo. Inawezekana kuna mnyama amezaa karibu, kuna dawa imepigwa shambani, kuna msiba, au amechoka tu na wageni, na hata hiyo ya mwisho inatosha kabisa.

Nimekuta geti njiani, nalifungaje?

Liache ulivyolikuta. Lilikuwa wazi, liache wazi, pengine ndo njia ya mifugo kufikia maji. Lilikuwa limefungwa, lifunge na uhakikishe komeo limeingia. Mkiwa kundi, wa mwisho ndo mwenye jukumu, na mumwambie kabisa kwamba yeye ndo wa mwisho.

Nimefika nikakuta watu wanachota maji, wanaoga, au wanafanya ibada.

Rudi nyuma mpaka usipoonekana, subiri au tafuta sehemu nyingine. Simu isitoke mfukoni. Kama ni maji ya kunywa ya watu, usiingize mguu wala sufuria upande wa juu ya pale wanapochotea, na wewe mwenyewe ukitaka kuoga shuka chini yao, mbali.

## Mto wenyewe

Nitajuaje kama mto unajaa na hapa nilipo jua linawaka?

Mvua inayokuua inaweza kuwa imenyesha mbali ambako huioni. Dalili zenyewe ni hizi: maji yaliyokuwa safi yanaanza kuwa na rangi ya udongo, majani na vijiti vinaanza kuelea katikati wakati upepo hamna, na sauti ya mto inabadilika, inakuwa nzito. Saa ingine mambo yote hayo yanatokea ndani ya dakika chache.

Ukifika tu chomeka kijiti pale maji yanapoishia, au chagua jiwe ambalo nusu yake iko nje, alafu uwe unalitupia jicho. Jiwe likianza kuzama hauna haja ya kusubiri uhakika, beba begi upande juu kwanza, utajadili ukiwa juu. Kwenye korongo jembamba kabla hata hujaingia uwe umeshaona utapandia wapi, na kama hujaona pa kupandia usiingie.

Naweza kuvuka kwa miguu?

Hili ndo swali ninaloliogopa kulijibu kwasababu mtu anasoma nusu alafu anaenda. Kuna vitu viwili uvielewe kwanza. Mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000, na mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, msukumo kwenye miguu yako unaongezeka mara nne. Ndo maana sentimita 15 tu za maji yanayokimbia sana zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kubeba gari dogo. Daraja likiwepo kilomita tatu chini, nenda darajani.

Kama huna budi na maji ni safi, hayakimbii na hayapiti magoti, tafuta sehemu pana, kwasababu mto unapotanuka huwa unapungua kina. Usivukie upande wa juu wa maporomoko wala upande wa juu wa mti ulioanguka majini, mti unapitisha maji lakini mtu unamshika. Legeza begi, fungua mikanda ya kifua na kiuno ili uweze kulivua haraka. Vaa viatu. Shika fimbo imara, angalia kule maji yanakotoka, sogea kwa ubavu, mguu mmoja kwanza utulie ndo unyanyue mwingine.

Ukianguka usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia, mguu unanasa kati ya mawe na maji yanakulaza kifudifudi. Lala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakoenda, piga mikono kuelekea ukingo, usimame pale maji yanapotulia.

Kuogelea je?

Kwenye maji yaliyotulia, ambayo umeshayakagua kina, na kuna mtu nchi kavu anakuangalia, sawa. Usiruke kichwa, shimo lililokuwa na kina mwaka jana linaweza kuwa limejaa kokoto. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 yanaweza kukufanya uheme bila kujizuia ukiingia ghafla, ingia taratibu. Na ule ukuta mfupi wa zege unaokatiza mto, maji yanaumwagikia vizuri na unaonekana wa kuchezea, usiusogelee hata kidogo, chini yake maji yanajirudi kwa nyuma na kumzungusha mtu asitoke.

Nchi za joto kuna kichocho, konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na mito mingi ya Afrika ina mamba na viboko. Wenyeji wakikwambia hawaogi pale, ujue wana sababu.

Maji ni meupe kabisa, naweza kunywa?

Meupe sio salama. Chemsha mpaka yatokote dakika moja nzima, ukiwa juu ya mita 2,000 iwe dakika tatu. Kuchemsha kunaua vijidudu ila dawa za mashambani haziondoki, kwahiyo kama juu yako kuna mashamba makubwa au machimbo bebea maji yako.

## Viumbe

Kwanini unasema nisitembee ovyo kwenye kokoto?

Kwasababu kuna ndege wanataga hapohapo, bila kiota cha kueleweka, kijishimo tu. Yai lina rangi ya jiwe na madoa ya jiwe. Siku moja nilichuchumaa kufunga kamba ya kiatu, nikaona mawe matatu yamelingana mno, ncha zote zimeelekea ndani. Sentimita kumi nyingine kisigino changu kingekuwa juu yake. Ndege akikimbia mbele yako anaburuza bawa kama limevunjika, au anakuzungukia anapiga kelele, simama, tazama chini, rudi kwa nyayo zako zilezile. Ukikaa pale unapiga picha, mayai yanaungua na jua.

Na kwenye ule ukingo uliosimama kama ukuta, mdiria na keremkerem wanachimba mashimo ya kuzalia humo. Ukisimama juu yake, uzito wako unaweza kuuporomosha na vifaranga ndani.

Kupanga mawe minara kuna ubaya gani?

Pindua jiwe moja la mtoni taratibu uangalie chini yake, utakuta vidudu vimejijengea vijumba vya mchanga vimegandia pale, ndo chakula cha samaki. Marekani kuna salamanda (mnyama wa majini anayefanana na mjusi) anaitwa hellbender, anaweza kupita sentimita 60, anaishi na kutaga chini ya mawe bapa, ukiliondoa jiwe umemvunjia nyumba. Uliloligeuza, lirudishe lilivyolala.

Kwanini nioshe buti kabla ya kwenda mto mwingine?

Kwasababu unahamisha viumbe usivyoviona. New Zealand mwaka 2004 waligundua mwani unaoitwa didymo mtoni, na tone moja la maji linatosha kuuhamisha. Kuna na kuvu anayeua vyura, ameshafika mabara kadhaa. Kagua, osha, kausha, na kukausha maana yake ni mpaka ndani ya soksi, alafu usubiri siku mbili zingine.

Mbwa? Kamba. Hata kama ni mpole.

## Choo, taka na moto

Nikibanwa?

Mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, hatua kama 80 hivi za mtu mzima, na juu ya mstari ambao mafuriko yanafika (ile habari ya matawi). Chimba sentimita 15 mpaka 20, fukia. Karatasi rudi nayo kwenye mfuko. Ndani ya korongo jembamba huwezi kupata hizo mita 60, kwahiyo unabeba kila kitu unatoka nacho, na kama wazo hilo linakukera basi usiingie korongoni kutwa nzima. Sabuni hata ile iliyoandikwa ni rafiki wa mazingira haiingii mtoni, oshea mbali na umwage kwenye udongo.

Naweza kuwasha moto?

Jiko dogo la gesi linatosha. Miti mikavu iliyolala kando ya mto ni nyumba za viumbe wengine, na mawe yaliyotoka majini yanaweza kupasuka yakipata moto. Mwenye ardhi akikuruhusu na sio msimu wa kiangazi kikali, washa mdogo kwenye kokoto tupu, uzime kwa maji mpaka uweze kuyashika majivu kwa mkono.

## Picha, lokesheni na droni

Nimepiga picha nzuri, niposti?

Posti picha, lokesheni baki nayo. Horseshoe Bend kule Arizona ni kona tu ya mto Colorado, picha zake zikasambaa mitandaoni, imebidi watengeneze maegesho makubwa na kuweka uzio kwenye ukingo. Pale kuna mamlaka na bajeti. Kwenye bonde la watu wanne na njia moja ya udongo, magari 30 ya Jumamosi yanaangukia juu ya hao watu wanne.

Alafu simu nyingi zinaandika lokesheni ndani ya faili la picha lenyewe. Zima kwenye setingi za kamera kabla hujaondoka nyumbani, kwasababu app zingine zinaiondoa ukiposti na zingine haziondoi. Kibao cha shamba, nyumba yenye paa la pekee au daraja linalojulikana vikiingia kwenye fremu, umeshataja sehemu bila kuitaja.

Rafiki anasisitiza nimpe lokesheni.

Nenda naye. Mtambulishe kwa wenyeji kama wewe ulivyojitambulisha. Mimi hii ndo njia pekee ninayoitumia, na waliokubali kuamka alfajiri mpaka sasa hawajaniangusha.

Droni?

Sheria zake angalia za nchi husika, lakini hata ikiruhusiwa, mifugo inakimbia ikaumia, ndege wanaacha viota, na mtu aliyekuwa anaoga kwenye maji yake anajikuta ana kamera juu. Kama mwenyeji hajasema ndiyo, iache kwenye gari.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Nimekuta kitu cha kale ukingoni, chungu au mfupa.

Usikitoe. Mahali kilipo na jinsi kilivyolala ni nusu ya habari yake. Piga picha ukiweka kitu cha kulinganisha ukubwa, mwambie mwenye ardhi, alafu ofisi ya mambo ya kale ya hapo. Mifupa ikiwa na dalili ya kuwa ya binadamu, polisi.

Samaki wanaelea wamekufa au maji yana povu na harufu.

Usiguse, toa mbwa na watoto. Andika saa, sehemu na rangi ya maji, piga picha, ripoti mamlaka ya maji siku hiyohiyo kwasababu sumu inasafiri na kesho ushahidi haupo. Lakini kabla ya mamlaka, waambie wanaochota upande wa chini.

Mto umehama, sasa ile ardhi mpya ni ya nani?

Swali zuri na limeshagombanisha hata nchi. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kwamba mto ukihama polepole mpaka unahama nao, ukiruka ghafla mpaka unabaki ulipokuwa. Marekani na Mexico walivutana karibu karne nzima kwasababu ya Rio Grande kuhama kati ya El Paso na Ciudad Juárez, mpaka mkataba wa Chamizal wa 1963. Kwahiyo kisiwa cha kokoto kilichoota mwaka huu usidhani hakina mtu, pengine kina wawili.

Nikirudi mara ya pili naomba ruhusa tena?

Ndiyo, kila mara. Pale ulipolala pengine pameshapandwa, geti limehamishwa, aliyekuruhusu amepangisha. Yule mzee wa nyasi kwenye tawi nilimrudia baada ya msimu mmoja wa mvua, nikamwomba tena ile sehemu ya kokoto. Akacheka, akanipeleka mwenyewe kuangalia. Kokoto hamna, maji yamezihamishia ng'ambo kwa jirani yake, ikabidi tuzunguke mpaka darajani tukamuombe jirani.